Utafiti Unahitaji Mpokeaji

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam, kwenye kongamano la wanafunzi wa uzamivu na wahadhiri vijana wa biashara na uhandisi. Wengi waliokuwa safarini wameniomba maandishi, kwa hiyo naiweka yote kama ilivyosemwa. Slaidi nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wangu mlionifundisha, shikamooni. Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu, na nyinyi wageni wetu kutoka viwandani mlioacha mashine zinanguruma mkaja kutusikiliza: itifaki imezingatiwa, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtu anayetafiti ubunifu, mikakati ya biashara na ushirikiano wa vyuo vikuu na viwanda. Ndiyo kazi niliyoichagua, na hadi leo naipenda. Vijana mnaoingia katika fani hii nina neno moja tu la kuwaambia, na nitalirudia mpaka mlikariri. Utafiti hautoki chuoni ukafika kiwandani kama mzigo unaopakiwa kwenye lori. Lazima upande wa pili awepo mtu anayeweza kuupokea. Asipokuwepo mtu huyo, hata ugunduzi unaostahili Nobeli utabaki karatasi.

Mnaijua lawama tunayotupiwa kila mwaka. Tafiti zenu zinajaa vumbi kwenye makabati! Lawama hiyo ina ukweli wake, na sijaja hapa kuwatetea wasomi wasiotoka ofisini. Lakini nauliza: kabati likifunguliwa leo, nani atasoma? Upande wa kiwanda, nani ameajiriwa kwa kazi ya kusoma, kujaribu, kuharibu, na kujaribu tena? Swali hili hatuliulizi vya kutosha. Sisi tunahesabu machapisho, wao wanahesabu magunia, na katikati hakuna mtu.

Nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1908 kampuni ya kemikali ya BASF, ya Ludwigshafen nchini Ujerumani, iliingia mkataba na profesa wa chuo cha ufundi cha Karlsruhe, Fritz Haber. Haber alikuwa anatafuta njia ya kuunganisha nitrojeni ya hewani na hidrojeni ili apate amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea za viwandani. Wakati ule Ulaya ilitegemea nitrati iliyochimbwa jangwani Chile, na wataalamu walishaanza kuhesabu miaka iliyobaki kabla haijaisha. Mwaka 1909 Haber akapata kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha muungano huo, kilichofanya kazi: madini ya osmiamu. Ila mtambo wake ulidai joto kali na mgandamizo wa zaidi ya mara 100 ya ule wa hewa ya kawaida.

Sasa sikilizeni yaliyotokea kwenye kikao. Mkuu wa maabara ya kampuni alishtuka. Alishaona vyombo vikilipuka kwa mgandamizo mdogo sana kuliko huo, na kwake yeye mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Lakini chumbani alikuwemo mkemia kijana, Carl Bosch, ambaye kabla ya kemia alisomea mambo ya vyuma na akafanya kazi kwenye karakana za vyuma. Bosch alijua viwanda vya chuma vya Ujerumani vilikuwa vimefikia wapi. Akasema inawezekana, tujaribu.

Julai mwaka huohuo watu wa kampuni walikwenda Karlsruhe kuuona mtambo kwa macho. Wakati wa kuukaza, boliti ikakatika. Matengenezo yakachukua saa kadhaa, Bosch akalazimika kuondoka. Mwenzake Alwin Mittasch akabaki, na ndiye aliyeishuhudia amonia ikidondoka. Nawasimulia habari ya boliti kwa sababu wengi wenu mtasimama siku moja mbele ya wageni na mtambo ukagoma. Heri yenu siku hiyo kama kati ya wageni yumo mmoja mwenye elimu ya kutosha kujua kwamba kilichoharibika ni boliti tu, na wazo lipo palepale.

Kazi ya kampuni ilianzia hapo. Osmiamu ni adimu mno, haitoshi kuendesha viwanda, kwa hiyo Mittasch na wenzake walifanya maelfu ya majaribio mpaka wakapata kichocheo cha chuma cha kawaida kilichochanganywa na vitu vingine kidogo. Bosch naye alikuwa na msiba wake: mabomba yalipasuka baada ya siku chache, kwa kuwa hidrojeni ilikuwa inaingia ndani ya chuma cha pua na kuila kaboni yake. Dawa aliyoipata ni kuweka bomba la chuma laini ndani ya bomba gumu, na lile la nje likatobolewa vitundu ili hidrojeni ipate pa kutokea. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kuzalisha. Kutoka meza ya profesa hadi kiwanda, miaka minne. Haber alipewa Nobeli ya mwaka 1918, na Bosch akaja kupata yake mwaka 1931. Kamati ya Nobeli ilimheshimu mgunduzi, ikamheshimu na mpokeaji.

Sitaki kuipamba habari hii. Amonia hiyohiyo ilitengeneza baruti za Vita Kuu ya Kwanza, na Haber mwenyewe alisimamia shambulio la gesi ya klorini huko Ypres mwaka 1915. Vijana, mtafiti wa ubunifu asiyeuliza kitu kinakwenda kutumika vipi, na nani ataumia, kazi yake ameifanya nusu.

Je, Bosch asingekuwemo chumbani siku ile? Mkataba ulikuwepo. Fedha zilikuwepo. Profesa alikuwepo, tena bingwa. Angekosekana mtu mmoja tu aliyevijua vyuma.

Miaka 80 hivi baadaye, Wamarekani wawili, Wesley Cohen na Daniel Levinthal, waliyaeleza mambo haya kitaalamu. Katika makala yao ya mwaka 1990 walionyesha kwamba uwezo wa kampuni wa kutambua maarifa ya nje yenye thamani, kuyaelewa na kuyatumia unategemea maarifa ambayo kampuni tayari inayo. Kampuni inayofanya utafiti wake yenyewe inavuna mara mbili: inapata vitu vipya, na inajifunza kuwaelewa wengine. Ukifuta idara ya utafiti ili kubana matumizi, umejifunga macho na masikio pia. Hakuna makala niliyoisomesha kwa moyo kama hiyo, na kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu waisome wakiwa wamesimama mlangoni kwa kiwanda kimoja cha nyumbani.

Maana hapa kwetu sherehe tunaziweza. Hati ya makubaliano inasainiwa, mabango yanatundikwa, picha zinapigwa, chakula kinaliwa. Baada ya hafla moja ya namna hiyo, meneja uzalishaji mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa adabu kabisa: ni nani atakayekuja Jumatatu asubuhi? Alikuwa na boila inayomsumbua. Alitaka jina la mtu, si jina la taasisi. Katika maisha yangu yote ya kutafiti ushirikiano wa vyuo na viwanda sijapata kipimo bora kuliko hicho. Ukitaka kujua kama ushirikiano upo, usiombe hati. Uliza nani anakuja Jumatatu, na atakapofika nani atamfungulia geti, akamvalisha kofia ya chuma, akamwonyesha tatizo lenyewe bila kumficha.

Turudi nyumbani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, na kutoka kwenye hiyo 62 likazaliwa zao lililoifanya Tanganyika iongoze duniani. Shule za msingi tunaifundisha habari hiyo na kuishia hapo. Sehemu inayonihusu mimi inakuja baadaye. Wakulima wakubwa wa mkonge walikuwa na chama, na chama chao kiligharimia utafiti pale Mlingano, Tanga. Kwa miaka mingi watafiti walizalisha chotara kwa kutumia mkonge wa aina mbalimbali, mmojawapo ukiwa na jina la kisayansi linalotokana na Amani yetu ya Usambara, mpaka wakaupata chotara namba 11648, ambao katika maisha yake hutoa majani mengi kuupita kwa mbali mkonge wa kawaida.

Kisha miaka ya 1960 kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na baada ya Azimio la Arusha mashamba mengi yakataifishwa. Kiungo kilichokuwa kinafunga shamba na maabara kikalegea. Miaka ileile China iliuchukua chotara wetu, ikaupanda kusini mwa nchi, na hadi leo ndio mkonge mkuu unaolimwa huko. Mmea ni uleule. Karatasi za utafiti ni zilezile. Wenzetu walikuwa na mpokeaji, ndugu zangu, na sisi wakati huo tulikuwa tunampoteza wetu. Jambo hili linaniuma, na ninaposema linaniuma sisemi kwa kupamba hotuba.

Lakini tusiondoke na majonzi, kwa sababu kuna habari ya pili ya pwani hii, nayo naipenda kuliko zote. Ni habari ya mwani.

Mwani tunaoulima una kitu kinachoitwa karajinani, kinachotumika kushikanisha maziwa, dawa za meno, nyama za kopo, dawa na vipodozi. Miaka ya 1960 kampuni ya Kimarekani ya Marine Colloids ilikuwa na hofu ya kukosa malighafi, kwa sababu ilitegemea mwani unaookotwa baharini. Ikashirikiana na profesa wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Maxwell Doty, ambaye alikwenda Ufilipino kutafuta namna ya kuulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilimo kikakubali. Aina moja ya mwani huo leo inabeba jina la Mfilipino aliyefanya naye kazi majini, Vicente Alvarez. Mimi huwa nasita kidogo hapo: ni mara ngapi jina la mtu wa majini linaingia kwenye vitabu vya sayansi?

Kwa profesa huyo ndiko alikosoma Mtanzania mmoja, Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alihitimu uzamivu Hawaii mwaka 1974, akarudi nyumbani, akaichunguza mimea ya pwani yetu, na akashikilia kwamba mwani unaweza kulimwa hapa. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu za Ufilipino. Kutoka 1974 hadi 1989 ni miaka 15. Nani kati yetu humu ndani angesubiri miaka 15? Ni taarifa gani ya tathmini ingemsubiri mtu hivyo? Hata hivyo mtu yule ndiye aliyekuwa mpokeaji wetu. Maarifa yalitoka Hawaii na Ufilipino yakatua hapa kwa sababu kulikuwa na Mtanzania aliyeyajua toka ndani, aliyekwisha kuitembea pwani yake mwenyewe. Wawekezaji walipokuja hawakukuta ukurasa mtupu.

Na wapokeaji wengine? Walikuwa wanawake wa mashariki mwa Unguja, na baadaye wa Pemba na pwani ya bara. Mnaotoka huko mnaijua kazi hii. Bamvua likifika na maji yakapwa, kina mama wanashuka na vigingi, kamba na vipande vya tai-tai, yaani kamba nyembamba za kufungia, wanafunga mbegu moja moja, wanang'oa iliyokomaa, wanarudi kabla maji hayajajaa. Maji mafu yakiingia, hakuna kwenda shamba. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanazidi 20,000, na wengi mno kati yao ni wanawake. Zao lililoanzia kwenye tasnifu na mkataba wa kampuni limeweka fedha mkononi mwa mama ambaye hapo kabla kila senti ilipitia kwa mwingine. Nyumba zimeezekwa kwa fedha za mwani. Watoto wamesomeshwa kwa fedha za mwani.

Sasa tuingie kwenye mikakati ya biashara. Mkulima alikuwa amesimama wapi katika mnyororo huu, tangu shambani hadi kwa mlaji? Chini kabisa. Kampuni ilimpa kamba na mbegu, naye akamuuzia kampuni hiyohiyo kwa bei iliyopangwa kufuatana na soko la ng'ambo. Mwani ulikaushwa, ukafungwa marobota, ukapakiwa melini. Thamani yote iliyofuata iliongezwa kwingine. Halafu kuanzia miaka ya 2000 bahari ikabadilika. Maji ya kina kifupi yalizidi joto, na mwani wa aina ya kotoni, ule wenye bei nzuri, ukaanza kufa. Ukabaki spinosamu, unaovumilia zaidi lakini wenye bei ndogo. Mama aliyezoea kipato kimoja akajikuta na nusu yake au pungufu, kwa jasho lilelile.

Ni hapo ndipo nilipoona chuo kikifanya kazi ya chuo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo mjini Zanzibar tangu mwaka 1978. Mtafiti wake, Dk. Flower Msuya, hakuishia kuandika makala kwamba kotoni inakufa. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kongano la mwani Zanzibar, uliowakalisha pamoja wakulima, watafiti, serikali na wanunuzi. Wakafuata njia mbili. Ya kwanza ni kuupeleka mwani kwenye maji ya kina kirefu yenye ubaridi kidogo, kwa kutumia nyavu zilizoshonwa kama mabomba ili mawimbi yasiung'oe. Ya pili ni kuusaga mwani ukawa unga, na kutengenezea sabuni, krimu, hata vyakula.

Njia ya kwanza inatufundisha mengi. Kitaalamu ni sahihi: kina kirefu, maji baridi, kotoni inapona. Lakini kina kirefu kinadai mashua, kinadai mtu anayejua kuogelea, na kina mama wengi hawakuwa na mashua wala hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Mnaona? Jibu la maabara lilikuwa sawa, likagonga mwamba wa maisha. Hii ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wa uhandisi wasiwadharau wenzao wa biashara na sosholojia, na wa biashara wasije kwangu na nadharia kabla hawajajua bamvua ni siku gani.

Njia ya pili inagusa mkakati wenyewe. Mama anayeuza sabuni ya mwani haongezi kipato tu. Anahama mahali alipokuwa amesimama katika mnyororo. Sasa anapanga bei. Anachagua karafuu au mchaichai. Anajua mteja amelalamika nini. Akija mtafiti na swali, ana la kumjibu, na ana la kumuuliza. Kwa lugha ya Cohen na Levinthal, uwezo wake wa kupokea umekua. Kwa lugha yangu mimi, sasa yupo mtu wa kumfungulia geti mgeni wa Jumatatu. Nisiwadanganye: sehemu kubwa ya mwani wetu bado inaondoka ikiwa marobota, na soko la sabuni linategemea sana watalii. Safari bado. Lakini ukiniuliza nikuonyeshe ushirikiano wa chuo na wazalishaji ulio hai, sikupeleki kwanza kwenye jengo lenye vioo. Nakupeleka kwa wanawake wa mwani.

Mtaniuliza: je, mteja naye anaweza kuwa mpokeaji? Ndiyo, na wakati mwingine anajua kuliko mwenye bidhaa. M-Pesa mnaitumia wote. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa mfuko wa serikali ya Uingereza, walifanya majaribio Kenya, pamoja na taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Watu walipoipata huduma wakaitumia kwa mambo yao: kutumiana fedha, kulipana, hata kujitumia wenyewe kabla ya safari ili wasibebe noti mfukoni. Kampuni ingeweza kuyaita hayo matumizi mabaya. Badala yake iliyatazama kwa makini, ikayatupa mambo ya marejesho pembeni, na Machi 2007 ikaingia sokoni na ujumbe mmoja mwepesi wa kutuma pesa nyumbani. Mkakati ulizaliwa kwa kumsikiliza aliyepokea. Na wasomi hawakukosa kazi: Tavneet Suri na William Jack walizifuatilia kaya za Kenya kwa miaka mingi, na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya zipatazo 194,000 kwenye umaskini uliokithiri, sawa na asilimia 2 ya kaya za nchi. Ndiyo raha ya fani yetu. Unaweza kufika baada ya kitu kutokea na bado ukawa na la maana la kusema, mradi uwe mvumilivu wa kurudi kwenye kaya zilezile.

Nizungumzie hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwa ufupi, maana najua wakuu wa vyuo wako humu na wanaiwaza. Mwaka 1980 Marekani ilipitisha sheria ya Bayh-Dole, iliyoruhusu vyuo kumiliki hataza za tafiti zilizogharimiwa na serikali. Tangu hapo kila chuo duniani kinaota mrabaha. Hataza inayotajwa sana ni ile ya Stanley Cohen na Herbert Boyer ya kuunganisha vinasaba, iliyosimamiwa na Stanford. Iliingiza takriban dola milioni 255 mpaka ilipoisha mwaka 1997. Lakini angalieni ilivyouzwa. Hawakumpa mmoja akajifungia nayo. Ada ilikuwa dola 10,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hata kampuni changa iliweza, na yeyote aliyetaka alipewa. Kampuni 73 zilijiunga kabla ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Walitengeneza wapokeaji wengi kwanza, fedha ikafuata. Hapa kwetu nimeona ofisi ya hataza ikianza mazungumzo na kiwanda kidogo kwa kudai malipo ambayo kiwanda hakijawahi kuyaona. Kiwanda kinaondoka. Hataza inabaki. Nani amefaidika?

Vijana, sasa yanayowahusu nyinyi moja kwa moja. Kazi hii ina gharama. Ukikaa kiwandani miezi, mwenzako aliyekaa na kompyuta anachapisha makala tatu, na kamati ya kupandisha vyeo inajua kuhesabu. Wakuu wetu mlio hapa, nawaomba kwa heshima zote: mhadhiri aliyekitatulia kiwanda tatizo, na kiwanda kikathibitisha kwa barua, apewe alama kwa kazi hiyo. Mkilifanya hilo, mtashangaa viti vya ofisini vitakavyobaki wazi. Lakini kijana usingoje kanuni zibadilike. Andika unachokiona kila jioni, maana daftari la kiwandani ndilo makala ya kesho. Kabla ya kuingia kiwandani, kubalianeni kwa maandishi nini ni siri ya biashara na nini utachapisha, na lini. Wengi wamekwama kwenye tasnifu kwa sababu mwenye data alighairi dakika za mwisho. Na pale kiwanda kinapolipia utafiti wako, sema hivyo waziwazi kwenye kila ukurasa unaostahili, kisha andika ulichokikuta hata kama hakimpendezi mlipaji. Ukiandika cha kumpendeza, mwaka unaofuata yeye mwenyewe hatakuamini.

Na nyinyi wageni wetu wa viwandani, msifikiri mmesalimika. Ajirini mtu mmoja. Mmoja tu, mwenye shahada na mikono isiyoogopa grisi, ambaye kazi yake haitakuwa kujaza pengo la zamu. Mpeni meza, mpeni saa za kusoma, mpeni ruhusa ya kuharibu vitu vidogo. Akija kijana wetu na wazo, awe na wa kuzungumza naye. Msipomwajiri huyo, hati zote tutakazosaini ni kupoteza wino.

Kabla sijakaa, nimekuja na maswali ambayo mimi mwenyewe sitayamaliza, na nayatoa bure kwa anayeyataka. Kwa nini vikundi vya sabuni ya mwani vinakua hadi kiwango fulani kisha vinasimama: ni mtaji, ni vibali, ni mashine za kusagia, au ni soko? Mkataba gani kati ya mnunuzi wa mwani na mkulima ungemwachia mkulima sehemu ya faida bei ya ng'ambo inapopanda? Mafundi wa karakana za Gerezani na Kariakoo wanajifunza wapi kuunda vipuri ambavyo hakuna chuo kinachovifundisha, na ni nani wanayemwamini wakikwama? Viwanda vyetu vilivyowahi kuwa na maabara zao wenyewe vikazifunga, vilipoteza nini, na wafanyakazi wa maabara hizo wako wapi leo? Swali la mwisho lina haraka, kwa sababu watu hao wanazeeka na kumbukumbu zao hazijaandikwa popote. Nitakuwa pale nje wakati wa chai. Mwenye kulitaka swali aje na daftari, tuanze na majina ya viwanda.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.